Miezi Mitatu ya Mwisho ya Ujauzito Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Mpaka Leba

Toa kadi yako ya kliniki, uiweke mezani. Tafuta palipoandikwa siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho na tarehe ya matarajio. Kama tarehe ya matarajio haipo, ihesabu mwenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Aliyeingia hedhi tarehe 10 Januari anatarajia kujifungua tarehe 17 Oktoba. Ukifikisha wiki 28 umeingia miezi mitatu ya mwisho, na maelezo haya ni yako.

Nimezaa mara tatu hapa Dar, na nimewasindikiza leba wadogo zangu wawili na wifi yangu. Uchungu una mwenendo wake na wakunga wanaujua. Kilichonitisha kila mara ni maamuzi yanayofanywa saa nane za usiku, tumbo limekaza, mvua inanyesha, na baba mtoto ndiyo kwanza anatafuta namba ya dereva. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa ni jambo la kuamua mchana, mmekaa, mnazungumza.

Hatua ya 1: Usikatishe kliniki

Wengi wetu tunaanza kliniki kwa bidii, halafu mwezi wa saba na wa nane tunaona mambo ni yaleyale: foleni kwenye benchi, kikopo cha mkojo, presha, nenda nyumbani. Lakini miezi hii ndiyo kliniki inapookoa zaidi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 kwa ujauzito mmoja, na matano kati ya hayo yako huku mwishoni: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40.

Ujue kila kipimo kinatafuta nini. Presha na mkojo huenda pamoja. Presha ikifika 140/90, na mkojo ukaonyesha protini, mkunga anawaza kifafa cha mimba kabla hakijafika. Presha hiyo inaweza kupanda bila wewe kuhisi chochote, kwa hiyo usiseme "najisikia vizuri, siendi." Wingi wa damu unatakiwa uwe 11 au zaidi, ukiwa chini ya 7 ni hatari, kwa sababu hata damu ya kawaida inayotoka wakati wa kujifungua inaweza kukulemea. Kipimo cha VVU hurudiwa miezi hii hata kama cha mwanzo kilikuwa salama. Tumbo hupimwa urefu kuona kama mtoto anakua, na ukifika wiki ya 36 mkunga anapapasa kujua mtoto amekaaje.

Akiwa ametanguliza matako au amelala kimshazari, usipokee jibu la "atageuka tu" ukaondoka. Uliza unarudi lini kuangaliwa tena, na kama hatageuka utajifungulia wapi. Na usikubali mtu yeyote akukande tumbo nyumbani ili "kumgeuza". Kondo la nyuma linaweza kubanduka, na hapo mnapoteza wawili.

Dawa za SP za kuzuia malaria unameza mbele ya muuguzi, angalau dozi 3 katika ujauzito, kila moja ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Kama unatumia Septrin kila siku, mwambie kabla hujameza, kwa sababu hazichanganywi. Chandarua chenye dawa ulichopewa ni cha kulalia, si cha kufungia banda la kuku.

Vidonge vya damu endelea navyo. Vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, hilo lisikutishe. Kunywa maji, kula papai. Vimeze na juisi ya chungwa au embe, wala usivishushie na chai, maana chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai inywe saa moja au mbili baadaye. Na ule udongo tunaouita pemba, najua hamu yake. Lakini nao unazuia madini hayohayo, na unaweza kukuletea minyoo. Hamu kubwa ya udongo mara nyingi ni damu iliyopungua inayolia; mwambie sista akupime.

Hatua ya 2: Yajue mabadiliko ya mwili, usiogope yasiyo na hatari

Kiungulia, pumzi fupi, kwenda haja ndogo kila saa, kiuno kuuma, usingizi wa mang'amung'amu. Haya ni ya wengi. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na usilale mara tu baada ya kula. Mchuzi wa pilipili nyingi usiku unalipiwa alfajiri. Lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, ukiweka mto katikati ya magoti. Kulala chali sasa kunafanya mji wa mimba ukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukiamka ukajikuta chali, geuka tu, usijilaumu. Mguu ukikaza usiku, nyoosha unyayo ukivuta vidole vyako juu.

Joto la Dar kati ya Desemba na Machi linavimbisha miguu hata ya asiye na mimba. Vifundo vinavyovimba jioni na kupungua asubuhi baada ya kuinua miguu si tatizo. Uso kuvimba, au vidole vya mikono mpaka pete haitoki, hilo ni jambo jingine: nenda ukapimwe presha siku hiyohiyo.

Matiti yanaweza kutoa maji ya njano. Hiyo ni dang'a, chakula cha kwanza cha mtoto. Usiikamue wala usiiogope.

Tumbo litakuwa linakaza na kuachia bila mpangilio. Huo ni uchungu wa maandalizi. Kwenye wiki za mwisho, hasa kwa mimba ya kwanza, tumbo linashuka: pumzi inafunguka, lakini nyonga zinalemewa. Kuhusu tendo la ndoa, ambalo wengi wanaona haya kuuliza: linaruhusiwa kama hujatokwa damu, chupa haijapasuka, na hujaambiwa kondo limekaa chini.

Hatua ya 3: Mjue mtoto wako anavyocheza

Hapa nakuomba usome polepole. Kila mtoto ana ratiba yake. Wa kwangu wa pili alikuwa akiamka baada ya chakula cha usiku, wa tatu asubuhi adhana ikilia. Chagua muda mmoja kila siku, ukishakula, ulale kwa ubavu na kuhesabu. Mateke, kujigeuza, kusukuma, vyote vinahesabika. Wengi hufika mara 10 muda mfupi tu. Zikipita saa 2 hajafika 10, au ukiona wazi kwamba amepunguza kuliko kawaida yake, ondoka uende kituoni muda huo. Usisubiri asubuhi, wala usimpigie simu shangazi kwanza.

Kuna maneno yanazunguka mitaani kwamba mwezi wa tisa mtoto hutulia kwa sababu nafasi imebana. Si kweli. Namna ya kucheza inabadilika, mateke makali yanakuwa misukumo mizito, lakini hapaswi kupunguza mpaka anazaliwa. Maneno hayo yamewafanya kina mama wakae nyumbani siku mbili wakidhani ni kawaida, na kusubiri huko kunaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Yapo na mengine yasiyosubiri asubuhi. Damu kutoka ukeni, hata bila maumivu. Kichwa kinachouma sana na hakiachi, macho kuona ukungu au nyota, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu. Degedege. Homa. Chupa kupasuka au uchungu kuanza kabla ya wiki 37. Ukiwahi, kuna sindano zinazosaidia mapafu ya mtoto kukomaa, ila zinahitaji muda kufanya kazi, na muda huo ndio unaoupata kwa kuwahi. Waandikie nyumba nzima dalili hizi kwenye karatasi, bandikeni mlangoni. Mwenye degedege hawezi kujisemea.

Hatua ya 4: Amueni wapi mtajifungulia, na wapi pa pili

Muulize mkunga wako swali moja kwa uwazi: "Kwa hali yangu, nijifungulie wapi?" Mimba ya pili au ya tatu isiyo na tatizo inaweza kabisa kuzalishwa kwenye zahanati au kituo cha afya chenye huduma ya kuzalisha usiku na mchana. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye presha au kisukari, aliyewahi kutokwa damu nyingi, au ambaye mtoto wake hajageuka, apange moja kwa moja mahali penye chumba cha upasuaji na damu. Hospitali za rufaa za mkoa hapa ni Amana kwa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, na Temeke. Muhimbili hupokea zaidi wenye rufaa, kwa hiyo usipange kuanzia pale bila kuambiwa na daktari.

Kisha tazameni ramani ya mji kwa macho ya mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Mvua kubwa zikinyesha, mto Msimbazi hufurika Jangwani, na Barabara ya Morogoro imewahi kufungwa pale mara nyingi. Anayekaa Magomeni hana sababu ya kupanga kuvuka bonde usiku wakati Mwananyamala iko upande wake. Akilazimika kwenda Upanga, iliko Muhimbili, ajue mapema njia ya kuzungukia Kinondoni na Selander. Wa Kigamboni wana hospitali ya Vijibweni upande wao. Wakipewa rufaa, wapitie Daraja la Nyerere badala ya kusubiri pantoni.

Mwende mkaione leba hiyo kabla, mchana. Ulizeni geti lipi linafunguliwa usiku, vifaa gani vinahitajika, na kama ndugu anaruhusiwa kukaa na wewe wakati wa uchungu. Kila kituo kina utaratibu wake kwa hilo, na kulijua mapema kunapunguza machozi mlangoni.

Hatua ya 5: Usafiri wa usiku

Mtoto wangu wa pili alikuja mwezi wa Aprili. Tulikuwa Kimara, dereva wa bajaji tuliyekubaliana naye hakupokea simu, na sisi hatukuwa na wa pili. Nilipelekwa na jirani kwenye kirikuu chake cha kubebea mboga, nimekaa mbele nimeshika dashibodi. Nilipofika njia ilikuwa imefunguka sentimita 9. Tangu hapo kila mjamzito wa ukoo wetu namwambia awe na namba tatu: dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaa huohuo, jirani mwenye gari, na mtu wa tatu wa akiba. Zungumzeni nao mkitazamana, mkubaliane bei ya usiku, kisha uwapigie simu tena wiki ya 36 kuwakumbusha. Gari la kuita kwa simu lisiwe tegemeo pekee, kwa sababu mvua ikikaza hupatikana kwa shida. Bodaboda si ya mama mwenye uchungu.

Kwa dharura, serikali ina mfumo wa usafiri wa wajawazito na watoto wachanga unaoitwa m-mama, unaopigiwa bure kwa namba 115. Iandike nyuma ya kadi yako.

Hatua ya 6: Fedha, damu na kazi

Kwa sera, huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure. Lakini vifaa huisha, na unaweza kutumwa dirishani usiku. Weka akiba kidogo kidogo tangu wiki ya 28, kwenye simu ya mtu atakayekuwa na wewe, siyo kwenye simu yako itakayokuwa imezimika. Mwenye bima aulize mapema kama inakubaliwa pale alipochagua.

Jua kundi lako la damu, na ndugu wawili wenye afya njema wawe tayari kuchangia. Ukiwa rhesus hasi, yaani kundi lako limeandikwa na alama ya kutoa, kama O-, uliza kuhusu sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wako usishambulie damu ya mtoto, inayotolewa karibu na wiki ya 28.

Uliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, ukiambatanisha hati ya daktari. Likizo ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe. Sheria hiyohiyo inakataza kukupangia kazi ya usiku miezi 2 ya mwisho. Dada wa hotelini na kiwandani, hili lishike. Baba naye ana siku zake 3 zisizopungua. Mnaochangia NSSF, ulizeni masharti ya fao la uzazi sasa, kabla hamjawa na mtoto mkononi.

Hatua ya 7: Begi

Liwe tayari wiki ya 34. Kadi ya kliniki juu kabisa, halafu kitambulisho na kadi ya bima. Kanga nne au zaidi, za zamani zilizofuliwa, kwa sababu za zamani ni laini na zinanyonya. Mpira wa kulalia, glovu, pamba, kibanio cha kitovu, wembe mpya usiofunguliwa, pedi kubwa za uzazi. Nguo za mtoto, kofia, soksi, shali. Sabuni, beseni, chupa ya chai, sukari, chaja. Glovu na vifaa vingine nunua kufuata orodha ya kituo chako, usinunue mara mbili.

Najua kwenye familia nyingi ni mwiko kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Wanaoishi na mwiko huo waheshimiwe. Nguo mbili za kuazima kwa dada zinatosha. Ila mtoto anatoka kwenye joto la tumbo, na hata hapa Dar anahitaji kufutwa, kukaushwa na kufunikwa.

Hatua ya 8: Uchungu wenyewe

Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kutoka siku kadhaa kabla. Peke yake si sababu ya kukimbia. Tumbo likianza kukaza, oga, kunywa maji, tembea. Uchungu wa maandalizi unatulia. Wa kweli hautulii: unatoka kiunoni unakuja mbele, unarudi kwa mpangilio, kila safari mrefu na mkali zaidi. Tumia saa ya simu, ukihesabu kutoka mwanzo wa mmoja mpaka mwanzo wa unaofuata. Kwa mimba ya kwanza, anayekaa karibu aondoke ukifika kila dakika 5, ukidumu karibu dakika moja. Anayekaa Chanika, Goba au Kibada asisubiri hapo. Aondoke ukiwa kila dakika 8 hivi. Aliyewahi kuzaa, dakika 10 zinatosha kumnyanyua.

Chupa ikipasuka, nenda hata bila uchungu. Angalia saa na rangi. Maji meupe ni sawa. Ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, sema mara tu unapofika. Ukihisi kitu kama kamba ukeni, ni kitovu kimetangulia: piga magoti, kifua chini, makalio juu, ubaki hivyo mpaka msaada ufike na hata kwenye gari.

Sasa nizungumzie dawa za kuongeza uchungu, zile za mizizi na majani zinazoletwa kwa mapenzi na bibi au mama mkwe. Zinaweza kukaza mji wa mimba bila kuachia, mtoto akakosa hewa, na mji wenyewe ukapasuka, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji. Na mkunga asipojua ulichokunywa anaweza kukuongezea nyingine juu yake. Kukataa bila kuvunja heshima kunawezekana: "Shikamoo mama, nashukuru sana, ila sista amenikataza kunywa chochote bila yeye kujua." Mume aliseme yeye kama wewe huwezi. Hiyo ni kazi yake.

Ukipitiliza tarehe usihangaike mara moja, wanaozaliwa tarehe yenyewe ni wachache. Lakini wiki 41 zikitimia, uwe umeshaonana na daktari kuhusu kuanzishiwa uchungu hospitali.

Hatua ya 9: Leba

Utapimwa presha, mapigo ya mtoto, na njia. Chini ya sentimita 5 unaweza kuambiwa utembee au urudi nyumbani. Si dharau; sehemu hiyo ya mwanzo inaweza kuchukua saa nyingi. Kama unakaa mbali, sema unakaa wapi na uombe kubaki karibu. Kutoka 5 mpaka 10, mimba ya kwanza inaweza kuchukua saa 12, na njia hupimwa kila baada ya saa 4 hivi. Tembea, lala kwa ubavu, kunywa chai ya sukari kama hujakatazwa. Usisukume mpaka uambiwe njia imefunguka yote. Ukiumia kusiko kwa kawaida, uchungu usioachia kabisa, au damu, ita kwa sauti. Una haki ya kuita.

Mtoto akitoka utachomwa sindano pajani ya kuzuia damu nyingi. Omba awekwe kifuani, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a inatosha, maji, glukosi na asali visimguse. Kitovu kibaki kikavu bila jivu wala mafuta.

Kaa kituoni angalau saa 24, hata kama nyumbani wanakusubiri na mtori na uji wa pilipili manga. Damu inayoua mzazi mara nyingi hutoka siku hiyo ya kwanza. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya nusu saa, ukitoa mabonge makubwa, au ukisikia kizunguzungu na jasho baridi, mwite mkunga muda huo, hata kama ametoka kukuangalia sasa hivi, na umshike ndugu yako mkono asiondoke kitandani mpaka aje.